Diodi Iliyogeuka: Miaka Thelathini na Mitatu ya Mama Mstari

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa tisa na nusu alasiri, fundi mwandamizi wa karakana ya vifaa tiba atalitundika koti lake la buluu kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Hospitali nzima inamwita Mama Mstari. Hata kwenye orodha ya simu za ndani ameandikwa hivyo, na anayepiga simu akamwulizia kwa jina la kwenye vyeti huambiwa kwamba hapa hakuna mtu kama huyo.

Mhariri wa Taarifa hii aliomba maneno mia tano na picha moja. Picha ameipata. Kuhusu maneno, mwandishi anamwomba radhi mapema.

Mwandishi ni mkuu wa karakana hiyo, na kwa miaka kumi na saba meza yake imekuwa ubavuni mwa meza ya Mama Mstari. Watumishi wapya huuliza swali moja, na wa zamani hulijibu kwa kupandisha mabega: inakuwaje mtu aliyewafundisha mafundi wote hakuwahi kuwa mkuu wao? Minong'ono ina jibu lake, kwamba eti kwa uzembe nusura aue mtoto. Kwenye faili lake ipo karatasi inayosema karibu maneno hayohayo. Na pale kwenye dirisha la chai yupo mpishi mmoja ambaye kwa miaka hiyo yote humwekea kikombe chake mezani bila salamu. Mama Mstari akiondoka Ijumaa, karatasi itabaki na minong'ono itabaki. Wasifu huu umeandikwa kwa ajili hiyo. Sifa na vichekesho vilivyomo ni haki yake, lakini hivyo angeweza kuviandika mtu yeyote.

Hakuajiriwa kama fundi. Aliingia akiwa na miaka ishirini na sita na ushei, karani wa stoo, kazi yake kuandika vibandiko na kupanda ngazi. Stoo ilikuwa na bati la biskuti lililojaa diodi za kila namna, vidude vidogo kama punje za mpunga na vingine vinene kama kifungo cha koti, vyote vimechanganyika. Mkuu wa karakana wa siku hizo, mzee mpole asiyependa maswali, aliagiza bati litupwe. Karani akauliza ndani mna nini. Akaambiwa ni vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Akauliza upande upi. Mzee akamwonyesha mstari ulio kwenye ncha moja ya kila kidude, kwamba umeme hutokea upande wenye mstari na haurudi. Kisha akamwazima mita ya kupimia umeme, pengine ili apumzike na maswali yake.

Siku kumi na moja baadaye karani alirudisha mita pamoja na mifuko sita. Diodi zilizosoma karibu pointi saba ya volti zikipimwa upande mmoja, na kukataa kabisa upande wa pili, aliziandikia "nzima". Hizo ni za kawaida za silikoni. Zilizosoma pointi mbili au tatu alizitenga, na baadaye akaambiwa ni za Shotiki, ambazo hufunguka kwa msukumo mdogo na kwa haraka zaidi. Zilizotoa kimwanga chekundu zilipoguswa na nyaya za mita aliziandikia "zinazocheka". Zilizokataa pande zote mbili aliziita "zimekufa". Zilizopitisha pande zote mbili, kana kwamba hazikuwahi kuwa diodi, aliziandikia "zimegeuka waya". Msomaji aliweke akilini neno hilo la mwisho, maana tutalirudia.

Mfuko wa sita aliuandikia "sijui". Zilisoma kama za kawaida, lakini alama zake hazikufanana na za wenzake. Mzee akakagua mifuko yote, akakuna kichwa, akamweleza kwamba hizo ni zena. Diodi ya kawaida ikivutwa kinyume kupita kiasi huungua na habari yake ikaishia hapo. Zena imetengenezwa ikubali kuachia kinyumenyume kwenye volti maalumu bila kuumia, mradi mkondo wenyewe usizidi, na ndiyo maana hufungwa kinyume makusudi ili volti zisipande kupita hapo. Wiki iliyofuata karani alihamishiwa karakana. Bati la biskuti lipo mpaka leo, linahifadhi sukari.

Kila fundi mgeni aliyepita mikononi mwake alipelekwa siku ya kwanza kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, si kwenye meza ya kazi. Kipande cha silikoni, alisema, kina vyumba viwili. Kimoja kimetiwa chembe za kitu kingine ili elektroni zibaki zimesimama bila viti. Cha pili kimetiwa chembe tofauti ili viti vibaki bila watu. Vyumba vinapokutana, waliosimama karibu na mlango huvuka na kuketi papo hapo, hivyo katikati panabaki ukanda ambao kila kiti kina mwenyewe na hakuna anayesogea. Ukanda huo ndio unaozuia njia. Ukiwasukuma waliosimama kuelekea kwenye viti, ukanda hunywea, na msukumo ukifika kama pointi saba ya volti, watu wanaanza kupita mfululizo. Ukiwavuta warudi walikotoka, ukanda unapanuka na hapiti mtu. Hiyo ndiyo diodi, alisema, mengine ni mbwembwe. Mgonjwa mmoja mwenye goti bovu, aliyetumiwa kama elektroni mara tatu katika wiki moja, aliuliza kwa upole elektroni zinaonwa na daktari saa ngapi.

Sikio lake limezua hadithi nyingi, na mwandishi ataithibitisha moja kwa sababu alikuwepo. Mama Mstari alikuwa akipita ukumbini na chai mkononi. Akasimama mlangoni pa chumba cha chaja za taa za dharura, akasema diodi moja kati ya zile nne imekufa, akaendelea na safari yake. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Diodi nne zikipangwa kwa mraba hukamata wa kwenda na wa kurudi, zikauelekeza wote upande mmoja, na mvumo wake hupiga mara mia kwa sekunde. Ikifa moja, nusu ya umeme inapotea na mvumo unashuka. Sisi wengine tulisikia chaja inavuma tu, basi. Tukaifungua. Ilikuwa ya pili kutoka kushoto, na tulipokwenda kumwambia alikuwa keshamaliza chai.

Siku nyingine mtaalamu wa usingizi alikuwa amekwisha kutupa vibanio vitatu vya kidole, vile vinavyopima oksijeni, akidai vimerogwa. Ndani ya kibanio upande mmoja mna diodi mbili za mwanga, moja nyekundu na moja ya mwanga usioonekana kwa macho, na upande wa pili mna diodi inayopokea mwanga uliopenya kidoleni. Hii ya kupokea hufungwa kinyume. Inatakiwa kukataa umeme, lakini mwanga ukiipiga huvujisha kidogo, na mashine huhesabu uvujaji huo. Mama Mstari aliingia, hakugusa kibanio, akatazama dari. Taa mpya ya upasuaji ilikuwa inammulika mgonjwa kidoleni moja kwa moja. Akakifunika kidole kwa kitambaa cha kijani kilichokunjwa mara mbili, na namba zikatulia. Mtaalamu wa usingizi aliandika barua ya kumshukuru. Mama Mstari aliutumia mgongo wa barua hiyo kuorodhesha fyuzi.

Ana kasoro, na wasifu usiotaja kasoro ni tangazo la biashara. Hasifii kazi ya mtu. Ukimaliza vizuri ataguna, ukimaliza vizuri sana ataguna na kuondoka. Miwani yake ameifunga kwa waya wa shaba, na huitafuta nusu saa kila asubuhi ikiwa shingoni. Lakini kasoro kubwa ni mwandiko. Miaka ya stoo ilimzoeza kuandika vibandiko vya kusomwa kutoka chini ya ngazi, na hakuwahi kupunguza. Kadi ya kazi ya karakana ni ndogo, inatosha kiganjani. Sentensi za Mama Mstari zilikuwa zinaanzia mbele ya kadi na kuishia nyuma. Hapo ndipo tatizo lilipopata njia.

Miaka kumi na saba iliyopita karakana ilipokea fundi mgeni, mwenye cheti kinachonukia wino na mdomo mrefu kuliko uzoefu, aliyekuwa katika miezi sita ya majaribio. Fundi huyo ndiye mwandishi. Kuanzia hapa mwandishi ataacha kujificha nyuma ya neno hilo, atasema "mimi", maana yanayofuata ni yangu.

Chumba cha watoto njiti kilikuwa na mashine tatu za joto. Kila mashine ililishwa na njia mbili, umeme wa ukutani na betri, na kila njia ilipita kwenye diodi yake kabla ya kukutana, mstari ukielekea kwenye mashine. Kwa mpangilio huo njia yenye nguvu zaidi ndiyo inayolisha, nyingine inasubiri, na hakuna inayommiminia mwenzake. Umeme wa ukutani ukikatika, betri inashika papo hapo, hata mtoto hajui.

Mashine namba tatu ililetwa kwetu kwa sababu betri yake ilikuwa ya moto. Mama Mstari akapima, akakuta diodi ya betri inapitisha pande zote mbili, hivyo umeme wa ukutani ulikuwa unajimwaga ndani ya betri bila kipimo. Akaandika kadi. Mbele ya kadi nafasi ilimwishia kwenye maneno haya: "Diodi ya betri imegeuka". Nyuma ya kadi aliendelea: "waya. Weka mpya, mstari vilevile." Akaibana kadi pamoja na diodi mpya, akaiweka mezani kwangu, akaenda kwenye kikao.

Mimi nilisoma mbele tu. Imegeuka! Haya, nikajisemea, kumbe kuna mtu aliifunga kichwa chini miguu juu, na leo ndiyo siku yangu ya kuonyesha kwamba shule nilikwenda kusoma. Nikaitoa ya zamani, nikaifunga mpya ikitazama upande wa pili. Kwenye bodi yenyewe, kile kibao kinachobeba vipuri, kiwandani huwa wanachapisha mstari mdogo kuonyesha mstari wa diodi ukae wapi. Mahali hapo palikuwa na masizi ya diodi iliyopata moto. Kitambaa kilikuwa mezani, hatua moja kutoka mkono wangu. Sikufuta.

Nikachomeka plagi. Taa ya kijani ikawaka. Ingewaka tu, maana umeme wa ukutani ulikuwa unapita kwenye diodi yake isiyo na kosa. Kipimo cha kweli ni kuchomoa plagi, ukaiacha mashine ijitegemee kwa betri huku unahesabu mpaka mia. Muuguzi alikuwa mlangoni anaisubiri, na ilikuwa saa ya chakula. Mama Mstari aliporudi alichukua kadi kusaini, akaniuliza kama nimechomoa plagi na kuhesabu. Nikamwambia nimehesabu.

Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimeona taa ya kijani. Akasaini kwa neno langu.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Mashine namba moja na namba mbili zikashika betri. Namba tatu ikazimika kimya, kwa sababu hata king'ora chake kilikuwa kinakula umeme uleule. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa kike wa gramu elfu moja na mia tatu, mwana wa mpishi wetu wa jikoni, yule wa dirisha la chai. Muuguzi mkuu wa chumba hicho, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha jengo, siku hiyo hakupaza sauti. Aliona dirisha la mashine ni jeusi, akamtoa mtoto, akamweka kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa mablanketi mawili. Jenereta iliwaka baada ya dakika tisa. Joto la mtoto lilikuwa limeshuka, likarudi. Dakika zile tisa mama yake alimtazama bila kupepesa macho, na hatazisahau, wala sina haki ya kumwomba azisahau.

Kamati ilikaa keshokutwa yake, watu watano. Mama Mstari aliulizwa nani aliandika kadi, akasema yeye. Akaulizwa nani alisaini kwamba mashine imejaribiwa, akasema yeye, na akaongeza, "Nimesaini bila kuchomoa plagi mwenyewe." Kweli tupu. Hakuongeza kwamba kuna mtu alimwambia imeshachomolewa. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nikisubiri kuitwa. Sikuitwa.

Alipotoka alinitazama, akaniuliza kama nimekula. Kisha akanipeleka mezani kwangu, akachukua kile kitambaa, akafuta masizi mara mbili. Mstari ukatokea pale kwenye bodi, mweupe pe. Nikaigeuza diodi, nikachomelea upya, nikachomeka plagi, naye akaichomoa na kuniambia nihesabu kwa sauti. Nilipofika arubaini nilianza kulia. Akaniambia niendelee kuhesabu.

Nilipomaliza mia nikamwambia nakwenda kwenye kamati kusema. Akanikatalia. Maneno yake nayakumbuka yote, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ukisema leo wanakufukuza, kisha wanaajiri mwingine ambaye hajakosea bado. Kaa hapa. Na maadamu mimi nipo kazini, hili lifunge mdomoni mwako." Nilikubali. Nilikubali upesi mno, jamani, na aibu ya wepesi ule ninayo hadi leo.

Matokeo yake yalikuwa haya. Alipewa barua ya onyo yenye neno "uzembe". Ukuu wa karakana, ambao ungekuwa wake baada ya miezi miwili tu, akapewa mtu kutoka nje. Mtu huyo alipoondoka, miaka minane iliyopita, faili la Mama Mstari lilifunguliwa, barua ikaonekana, likafungwa. Nikapewa mimi. Nilikwenda mezani kwake kumwambia nitakataa. Aliguna, akasema nikikataa watampa mtu asiyechomoa plagi, na akaniomba nimpishe, ninamzibia mwanga.

Hata jina lake limetokana na mambo hayo. Wengi wenu mnadhani Mama Mstari ni jina la heshima, la mtaalamu wa diodi. Lilizaliwa wiki ile kwenye chumba cha dobi, na lilikuwa kejeli: eti mama huyu, miaka kumi na sita kazini, bado hajui mstari ukae upande gani. Likasambaa wodi zote kabla ya siku kwisha. Alipolisikia hakununa. Alichukua brashi na rangi nyeupe, akachora mstari mnene kwenye ncha moja ya sanduku lake la zana, na kuanzia hapo akaitika. Waliokuja baadaye walikuta jina na mstari pamoja, wakaona vinaendana, na kejeli ikafia hapo. Lakini mimi nilijua ilikotoka, na nani hasa alistahili kuitwa hivyo.

Jambo moja alilibadilisha. Kila kadi ya karakana hii sasa hufungwa kwa mstari chini ya neno la mwisho. Ukiona mstari, maneno yamekwisha. Usipouona, geuza, bado kuna maneno nyuma. Desturi hiyo imehamia kwa wauguzi wanapokabidhiana zamu, imefika duka la dawa, na nasikia mhasibu naye ameanza. Haikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Tangu mwaka ule amefundisha mafundi arubaini na mmoja, na hakuna mashine ya joto iliyozimikia mtoto tena.

Mipango yake baada ya Ijumaa inajulikana kwa sehemu. Mume wake, mwashi mstaafu ambaye nyumbani humwita "Fundi" tu, amemjengea kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, chenye dirisha kubwa upande wa meza. Wajukuu wawili wameshapanga foleni ya midoli mibovu. Binti yake alimshauri apumzike kwanza walau mwezi mmoja. Mama Mstari ameguna.

Wasifu huu unagawiwa saa kumi kamili, ukumbini. Nimeuliza mara mbili saa rasmi ya kuhesabiwa mstaafu, nikajibiwa saa tisa na nusu. Nilimwahidi nitafunga mdomo maadamu yupo kazini, na kwa dakika thelathini sasa hayupo kazini. Atakasirika. Nimejiandaa, miaka kumi na saba ya kuogopa kuguniwa imenikomaza kidogo.

Dada wa jikoni, ambaye umemwekea kikombe bila salamu muda wote huu: hasira yako ilikuwa ya haki, ila anayeistahili si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeifunga ile diodi kinyume, na mimi ndiye niliyesema nimehesabu ilhali sijahesabu. Binti yako alipokuwa anapoa kwa dakika tisa, mwongo alikuwa karakana anakula mkate. Nilipaswa kuja dirishani kwako siku ileile na kukwambia. Badala yake nimekunywa chai yako kila siku, ukinisalimia vizuri na kuniuliza watoto hawajambo. Naomba radhi, na sidai unipe. Huyo uliyemnyima salamu yumo humu ukumbini, safu ya mbele, miwani iko shingoni.

Mama Mstari, karakana inakushukuru, na mimi kuliko wote. Nenda salama, upate afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya wodi, na mwanga wa kutosha mezani kwako. Koti lako la buluu halitapewa mtu. Msumari ule ni wako.

Nyuma ya karatasi hii imechapishwa barua niliyompelekea mganga mfawidhi siku ya Jumatatu ndani ya bahasha, nikimwomba asiifungue kabla ya leo saa tisa na nusu. Aya hii naiongeza leo, saa tisa na dakika arubaini: ameifungua, ameigonga muhuri, na ameagiza iwekwe kwenye faili lako mahali pa ile ya zamani. Mimi nimeitwa kwenye kamati Jumatatu saa tatu, na safari hii nitaingia. Ndiyo sababu chini ya maneno haya sikuchora mstari. Ulitufundisha mwenyewe maana yake. Geuza